Vifurushi Vyekundu Juu ya Mpera

9 Februari

Shangazi, shikamoo.

Leo naomba nianze na sauti kabla ya habari za afya. Jana ofisini mtu aliangusha furushi la karatasi juu ya kabati la bati. Pu! Karatasi zikaserereka, halafu kimya. Nami, kalamu mkononi, nikasema kwa sauti: "Hilo limeiva." Wenzangu wote wakageuka. Nikalazimika kueleza kwamba nyumbani kwetu kuna mpera umeinamia paa la jiko, na kwamba nimekua nikisikia mapera yakianguka juu ya bati, yakibingirika mpaka ukingoni, kisha ule ukimya mfupi kabla pera halijagusa chini. Katika ukimya ule ndipo wewe ulipokuwa ukitoa hukumu kutoka jikoni: limeiva, bichi, limeshaliwa na popo. Hukukosea mara nyingi. Na ulipokosea, ulisema aliyekosea ni pera.

Wenzangu walinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa.

Mimi mzima. Chumba changu ni kile kile cha ghorofa ya tatu, chenye baraza ambayo ukiweka kiti, wewe mwenyewe unabaki ndani. Mama mwenye nyumba amebandika tangazo kwenye ngazi: MARUFUKU KUKU, MKAA NA WAGENI WASIOONDOKA. Miti hakuitaja. Nimelisoma tangazo lile mara nyingi, maana kusoma ndiyo kazi yangu, na nina uhakika miti hakuitaja.

Kazini bado nasahihisha vitabu vya shule. Sasa nimepewa cha kilimo. Mwandishi wake anashauri jembe lishikwe "kwa mtazamo chanya".

Mhandisi wangu anakusalimu. Harusi bado ni Desemba. Tangu nilipomleta huko nyumbani kukusalimia hajaacha kuuzungumzia uwanja wetu. Anasema ni mkubwa kuliko unavyoonekana, na kwa mtu wa fani yake hayo ni maneno ya mahaba.

Ombi langu: nataka mpera barazani. Si mpera wowote, nataka ule. Nitumie mbegu, au unieleze la kufanya.

Mwanao.


27 Februari

Marahaba, mwanangu.

Barua yako imenikuta nimekaa, kwa sababu siku hizi kila kinachonijia kinanikuta nimekaa. Goti la kushoto limestaafu. La kulia linafanya kazi za wawili na linanung'unika kama muuguzi aliyeachwa peke yake wodini, na mimi ninayesema haya niliwahi kuachwa peke yangu na akina mama wanane, wote wakisukuma.

Usinipigie simu kuhusu mambo haya, andika. Spika ya simu yangu unaijua, inaongea na mtaa mzima, na Mwenyekiti anashinda hapa.

Ndiyo, baba yako mkubwa. Kaka yangu amenunua gari. Aliyemuuzia nadhani alikuwa akifugia kuku humo ndani, lakini Mwenyekiti analiita Bibi Harusi na analifunika chandarua. Kwake haliingii, maana geti lake alilijenga enzi za baiskeli. Kwa hiyo analiegesha kwangu. Wapi? Chini ya mpera. Uwanja mzima upo wazi, yeye anataka kivuli.

Juzi pera likapiga bati, likabingirika, nami nikasema kutoka jikoni, "Limeiva." Likatua juu ya Bibi Harusi. Mwenyekiti akatoka mbio kama aliyepigwa yeye.

"Dada, mti huu unanishambulia!"

"Nani kasogea, kaka, ni mti au ni gari?"

"Lazima ukatwe. Nimeshaamua."

"Umeamua na nani?"

"Na mimi!"

Unamjua. Mtu huyu akikaa kunywa chai peke yake anafungua kikao na kukifunga. Nikamkumbusha kwamba nyumba hii wazazi walituachia watatu: yeye, mimi, na marehemu baba yako, ambaye sehemu yake sasa ni yako. Akajibu, "Mtoto akiolewa atakuwa na kwake." Yaani kwa hesabu zake, mimi sikuolewa, kwa hiyo sina kwangu, na wewe unaolewa, kwa hiyo huna hapa. Mwanamke akae wapi basi? Labda juu ya mpera.

Sasa mbegu. Sikutumii. Mbegu za mpera ni kama watoto wa mzee mmoja, kila mtu na tabia zake. Ile ya nyuma ya choo niliitema mwenyewe kutoka kwenye pera tamu kuliko yote, na leo inazaa kokoto. Ukitaka mpera huu, itabidi uje uukalie.

Mhandisi msalimie. Hakuongea sana siku ile. Alikula mapera matano, kila moja akilimenya kwa kisu na kutoa mbegu kama anapasua jipu. Mtu wa kwanza katika maisha yangu kumwona akimenya pera. Ila ana meno mazuri.

Shangazi yako, Sista mstaafu.


20 Machi

Shangazi, shikamoo. Pole na goti, pole zaidi na kaka yako.

Nimepata. Imo katika sura ya sita ya kitabu changu cha kilimo, na sura hiyo inaonekana mwandishi aliazima kwa mtu anayejua. Chagua tawi lenye unene wa kidole, lililonyooka na lenye majani ya afya. Likate ganda kulizunguka, mara mbili, ukiacha upana wa vidole viwili kati ya mkato na mkato. Bandua ganda lote la hapo katikati mpaka ubao uonekane, kisha ukwangue ule utelezi. Pazungushie udongo wenye unyevu uliochanganywa na unga wa mbao uliooza, ufunge kwa nailoni, ukaze juu na chini kwa kamba yoyote. Udongo usikauke. Baada ya miezi miwili hivi au zaidi mizizi itajaa mle ndani. Hapo unakata chini ya kifurushi, na ulichonacho si mtoto wa mpera. Ni mpera wenyewe.

Ukurasa huo nimeusoma kupita mahitaji ya kazi. Inabidi ulijeruhi tawi pale pale unapotaka liote mizizi. Na muda wote huo tawi liko juu ya mti wake, linakula kwa mama, halijui kwamba limeshaanza kuondoka. Nilifikiri juu ya hilo mpaka chai ikapoa, halafu nikafuta mkato mmoja uliozidi na kuendelea.

Panda ngazi taratibu. Au mtafute mtu wa kupanda, ingawa najua hutamtafuta.

Mhandisi wiki ijayo anasafiri kukagua daraja, huko mbali ambako anasema hata simu hazishiki. Harusi inaendelea kupangwa. Mama yake ameshachagua rangi ya vitambaa. Ni rangi ya nini sijui, inafanana na maji ya kuoshea mchele.

Kuhusu Mwenyekiti, usimruhusu.

Mwanao.


18 Aprili

Marahaba, Profesa.

Keti kwanza. Kama umeshaketi, shika meza.

Nilifuata maelezo yako neno kwa neno. Wembe ninao, mkono bado hautetemeki, bandeji nimefunga maisha yangu yote. Nililibandua tawi ganda likawa jeupe kama goti la mtoto. Nailoni nikakata mfuko mweusi. Kamba sikuwa nayo. Uliandika "kamba yoyote", nami nilikuwa na lile pazia jekundu la sebuleni ambalo panya walilimalizia upande mmoja. Nikalichana vipande virefu, nikakaza juu na chini kwa fundo la hospitali. Mgonjwa akatulia.

Udongo usikauke, ulisema. Nitaumwagiliaje ukiwa umefungwa? Nikakumbuka bado nina mabomba ya sindano ndani ya kabati. Kila asubuhi napanda ngazi, navuta maji, namchoma.

Basi ndivyo Mwenyekiti alivyonikuta. Nipo juu ya ngazi, khanga nimeifunga kichwani, sindano mkononi, na mbele yangu kifurushi cheusi kimefungwa vitambaa vyekundu, juu kabisa ya gari lake.

"Dada, shuka."

"Nikishuka nani atamhudumia huyu?"

"Huyu nani?"

Nikakigonga kifurushi kidogo. "Huyu. Bado mchanga. Akikomaa nitamkata nimpeleke anakokwenda."

Mwanangu, sikuwa na nia mbaya. Ndivyo nilivyozoea kuongea, nimekaa wodi ya wazazi miaka yote ile. Lakini nikaona uso wa kaka yangu unabadilika rangi.

"Ndani mna nini?"

"Udongo."

"Udongo wa wapi?"

Ningeweza kusema wa bustanini. Lakini kusema uongo nikiwa juu ya ngazi naogopa. Nikamwambia ukweli. "Wa hapo gari lako lilipokanyaga."

"Mimi nimesoma," akasema. "Mimi mambo haya siyaamini." Akayasema huku akirudi kinyumenyume, na alisoma hivyo hivyo, kinyumenyume, mpaka getini. Bibi Harusi alisukumwa akatoka, hakuna aliyethubutu kuwasha injini. Kesho yake Mwenyekiti alipita barabarani, akaniona kizingitini, akaniambia, "Shikamoo." Mimi mdogo wake! Nikaitikia. Nani anatupa shikamoo?

Jioni nikaongeza vifurushi vinne.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyekuja na Mwenyekiti siku hiyo, mtu wake wa kupima, ana futi ndefu ya kuviringisha. Yeye hakukimbia. Nilikuwa nimempa pera, amekaa kizingitini analimenya. Sijui walikuwa wanapima nini. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Harusi nakutakia heri. Rangi ya maji ya mchele haina ubaya, haionyeshi madoa.

Shangazi, mganga wa mtaa.


6 Mei

Shangazi, shikamoo.

Barua yako niliifungua ofisini, kosa kubwa. Nilicheka mpaka mkuu wa kitengo akauliza kama kitabu cha kilimo kina vichekesho. Nikasema kina kimoja, sura ya sita.

Halafu nilikwenda nayo nyumbani nikaisoma tena taratibu, jinsi ninavyosoma kwa mshahara.

Nani anamenya pera, Shangazi?

Sina habari nyingine. Niko mzima. Naomba unijibu hilo tu. Mtu huyo alivaa saa mkono gani?

Mwanao.


2 Julai

Marahaba, mwanangu.

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Goti. Halafu mvua. Halafu karani wa posta alikuwa na harusi ya binti yake, na unajua mwenyewe karani wetu ni mmoja. Halafu goti tena.

Vifurushi vyote vizima isipokuwa kimoja kilichotobolewa na kunguru. Cha kwanza nilikibonyeza kikawa kigumu kama tumbo la mwezi wa tisa. Nikakifungua kidogo pembeni: mizizi myeupe imejaa, inazunguka inatafuta mlango. Nilikaa pale juu ya ngazi nikiitazama, mimi niliyeona watoto wengi hata nikasahau kuhesabu. Nikakata. Nimekutumia kwa yule muuza nguo anayekuja huko kila mwezi, nimekifunga ndani ya sare yangu ya kazi ya zamani. Sare rudisha, mmea baki nao. Mwanzoni utapukutisha majani. Usiogope wala usiufukue kuangalia, mgonjwa hafunguliwi kidonda kila saa.

Saa? Mkono? Macho yangu siku hizi si ya kutegemewa.

Habari nyingine ni ndogo. Mwenyekiti aliniita kwake, kikao rasmi, ajenda akaisoma. Anasema nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja na kuna mipango ya maendeleo. Mpera utatoka, na mimi nitahamia kwake, kile chumba cha uani walichokuwa wakiwekea mbao. Kina dirisha, ameniambia. Nimeishi zamu za usiku maisha yangu yote nikilala juu ya viti, kwa hiyo chumba chenye dirisha nikikataa nitaonekana nina maringo.

Usilibebe jambo hili. Wewe andaa harusi yako.

Shangazi.


16 Julai

Shangazi, shikamoo.

Mpera umefika. Muuza nguo aliupandisha ghorofa tatu kichwani na kunidai soda. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, akautazama, akaenda kulisoma tangazo lake mwenyewe, akarudi, akaupisha upite. Umepukutisha majani yote kama ulivyosema. Sasa ni fimbo iliyosimama ndani ya ndoo. Naimwagilia fimbo kila asubuhi, na jirani wa baraza ya pili ananitazama kwa huruma.

Uliwahi kumshona mtoto vidole usiku bila taa, na mpaka leo unatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Usiniambie habari za macho.

Nilimuuliza mwenyewe. Tulikuwa tunakula hapa chumbani kwangu.

"Daraja lilikuwaje?"

"Refu," akasema.

"Lina mapera?"

Akaweka kijiko chini. Saa yake iko mkono wa kulia, kama kawaida. "Shangazi yako aliniahidi hatasema."

"Hajasema. Ulimenya."

Hakuelewa. Aliyaacha hayo akaanza kunieleza, kwa furaha, Shangazi, hilo ndilo lililoniumiza zaidi: alikuwa amefurahi. Alikuwa anataka kuniletea mpango huo kama zawadi ya harusi. Vyumba vya kupangisha, juu na chini, wamekubaliana na Baba Mkubwa, na ngazi itapita pale penye mpera kwa sababu ndipo pana kivuli cha kutosha kwa mafundi. Mti utawapa mafundi kivuli mpaka siku watakayoukata. Alilisema hilo bila kulisikia.

"Na Shangazi?"

"Ana chumba kwa Baba Mkubwa."

"Kina dirisha?"

"Linaweza kutobolewa."

Nikanyamaza. Unanijua, mimi nikiwa na la kusema ndipo ninaponyamaza, na watu hudhani nimekubali. Yeye alidhani hivyo. Akanishika mkono akaniambia kwamba sehemu yangu pale imelala tu, na kwamba yote anayafanya kwa ajili yetu. Nikatafuta mle ndani ya "yetu" ni akina nani. Nikamhesabu yeye, nikamhesabu Baba Mkubwa, nikaliona hata gari. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Wewe hukuwemo kabisa.

Si mtu mbaya. Ningefarijika angekuwa mbaya.

Sijamjibu. Sasa niambie wazi, bila goti wala karani wa posta: kwa nini ulinificha? Na unataka nini? Si Mwenyekiti anataka nini. Wewe.

Mwanao.


29 Julai

Marahaba.

Haya, wazi.

Aliniomba nisiseme, akasema ni zawadi yako. Nikaona, pengine mtoto anajua na amekubali, anaona haya kuniambia. Wewe nawe ulikuwa hunitajii lolote. Nikasema mimi ni nani hata nimharibie bwana harusi safari kwa ajili ya jiko la bati? Nikaahidi. Ahadi nimeitunza, hakuna popote nilipoandika jina lake wala kazi yake. Niliandika tu kwamba alimenya. Nilijua barua inakwenda kwa nani. Kama ulikuwa unajua, ungepita bila kusimama. Ulisimama.

Unaniuliza nataka nini. Nimelikalia swali hili tangu juzi. Sijawahi kuulizwa. Hata siku mama yetu alipolala kitandani asiamke tena, na baba yako yuko mbali kazini, na Mwenyekiti yuko kwenye vikao, hakuna aliyeniuliza nataka nini. Walisema tu, "Wewe si upo." Nikawepo. Nimekuwepo mpaka goti limechoka.

Nataka kukaa jikoni kwangu, pera lipige bati, niseme limeiva, na asitokee mtu wa kunijibu. Basi. Ni kitu kidogo mpaka naona aibu kukiandika.

Lakini sikiliza. Usivunje harusi kwa sababu ya mti. Mtu mwenye meno mazuri, hanywi, hapigi, anaota kukujengea: kuna wenzako wanaotafuta robo ya hiyo. Mimi nitazoea. Dirisha litatobolewa.

Tena vifurushi vimeshaishiwa nguvu. Unajua nani kaniponza? Wewe. Kile kitabu cha kilimo kimetoka, shule wamekigawa, mjukuu wa Mwenyekiti amekwenda nacho nyumbani. Sura ya sita, pamoja na picha. Mwenyekiti alinijia na kitabu kimefunguliwa akanisomea ukurasa mzima kwa sauti, amesimama wima kama hakimu. Nakiri kimeandikwa vizuri, hakuna hata kosa moja. Alipomaliza akasema, "Hii ni sayansi, dada!" kama vile mimi ndiye niliyekimbia kinyumenyume. Halafu akalirudisha gari pale pale. Na shikamoo yake ameichukua.

Watu wa msumeno wanakuja mwisho wa Agosti. Vifurushi vitatu vilivyobaki nitavikata kabla. Nikutumie, au una ndoo moja tu?

Sare yangu je?

Shangazi.


14 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Barua hii na sare yako vinaletwa na muuza nguo. Sare nimeipiga pasi. Mfukoni nilikuta kipande cha chaki na pini tatu, nimeviacha humo humo, inaonekana vina kazi. Habari za mjukuu na kitabu zimenifurahisha kwa njia isiyo nzuri. Miaka yote nimesahihisha nikijiuliza kama kuna mtu anasoma. Kumbe anasoma Mwenyekiti.

Hapa wote wazima. Fimbo imetoa majani mawili. Ni madogo, mekundu kidogo, yamejikunja kama masikio ya mtoto wa panya, na leo asubuhi nilichelewa kazini kwa sababu yao. Nimetafuta kipande cha bati nikakilaza sakafuni chini ya ndoo. Mama mwenye nyumba akauliza ni cha nini. Nikamwambia ni cha kusikilizia. Ameongeza neno kwenye tangazo, lakini ameliandika vibaya kiasi kwamba haliwezi kunihusu. Huenda nikasubiri mwaka, huenda miwili. Sina haraka. Vifurushi vile vitatu usinitumie, uvipande uwanjani. Uliniambia uwanja mzima uko wazi.

Mhandisi nilimwita Jumapili. Nilitaka niseme maneno marefu, nilikuwa nimeyapanga na kuyasahihisha. Nilipomwona nikajua nitayaharibu. Kwa hiyo pete niliichimbia ndani ya udongo wenye unyevu, nikaufunga kwa nailoni nyeusi, nikakaza juu na chini kwa kitambaa chako chekundu, fundo la hospitali. Nikamkabidhi.

"Ndani mna nini?" akauliza.

"Udongo, na kitu chako."

Hakuuliza udongo wa wapi. Mtu mwenye shahada mbili, lakini alikibeba kwa vidole viwili, mbali kabisa na shati. Pale ngazini akageuka akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, kwani watu wengine hula pera vipi. Nikamwambia wanaling'ata. Akatikisa kichwa, akashuka. Niliingia ndani nikalia, nikanawa, nikala wali uliolala. Sijutii. Ninaumia, lakini hilo ni jambo jingine, na wewe unalijua kuliko mimi, kwa hiyo usiniandikie la kunituliza. Wala usiniandikie kwamba nimeivunja kwa sababu ya mti. Niliivunja kwa sababu alipokuwa anapima nyumba yetu hakukupima wewe.

Umesema unachokitaka ni kidogo mpaka unaona aibu. Nimekipima. Kina ukubwa wa sehemu mbili kati ya tatu.

Moja ni yako. Ya pili ilikuwa ya baba, ikawa yangu, na tangu Jumanne ni yako. Nilikwenda kwa wakili wakati wa chakula cha mchana, nikasoma kila mstari, nikamrekebishia mawili matatu, nikatia sahihi. Nakala ya hati iko ndani ya bahasha, upande wa kifua wa sare. Nilitia sahihi kwanza ndipo nikaketi kukuandikia, kusudi usipate nafasi ya kunikataza. Mwambie Mwenyekiti aondoe gari. Mapera yanaiva.